Simu ya Marta Kutoka Nzwani

Lilian alimkuta Mzee Naftali Nanyaro kihambani, shambani mwa nyumba yake, akichuma kahawa. Ilikuwa Julai, baridi ya Meru imekaza, na ukungu ulikuwa haujainuka migombani ingawa saa nne ilikwisha kupita. Mzee alivaa koti lake la zamani la kazini, lile la kijani lililofifia mabegani, na kikapu alikifunga kiunoni kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Kimandolu na ukungu huu wote?"

Lilian alikuwa mkurugenzi wa Shirika la Chemchemi, lenye ofisi yake Kimandolu. Lakini kwa Naftali alikuwa bado yule msichana wa kijijini Poli aliyefundishwa na mkewe shule ya Jumapili, akaimba akiwa amefumba macho. Akamweleza alilojia. Jumamosi kutakuwa na mkutano katika ukumbi wa usharika. Ni miaka kumi tangu shirika liungane na vikundi vya hapa kuwasaidia watu wa Komoro kurudisha maji yao. Wabia wote watakuwepo: akina mama wa usharika, kamati ya mfereji, na wafugaji wa upande wa Kisongo. Na kutoka kisiwa cha Nzwani amekuja Bi Sittina, kiongozi wa umoja wa wanawake wa huko. Ameleta shukrani.

"Vizuri," alisema Naftali. Mikono yake haikuacha kuchuma. "Mama yenu angefurahi sana."

"Shukrani ni zako, baba. Amesema kabisa, amekuja kumwona mume wa Marta."

Hapo mikono ikasimama. Alimtazama Lilian kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake, kisha akasema atakuja, akarudi kwenye mbuni wake. Lakini kahawa aliyochuma baada ya hapo ilikuwa nusu mbichi, akalazimika kuichambua yote upya jioni.

Siku zile mbili kabla ya Jumamosi alizipitisha na Marta. Ndivyo ilivyokuwa kila alipoguswa na jambo la Nzwani: marehemu mkewe alirudi nyumbani mzimamzima, akiwa na kanga yake ya kijivu na viatu vya mpira, akitembea upesiupesi kama anayewahi mvua.

Walioana mwaka wa themanini na mbili, yeye akiwa kijana aliyeajiriwa karibuni kwenye vitalu vya miche huko Olmotonyi. Mwaka ule wa kwanza waliishi hukohuko, chumba kimoja cha mbao chenye dirisha lililotazama misonobari, na asubuhi harufu ya utomvu iliingia ndani kabla ya jua. Jumapili baada ya ibada walikuwa wakipanda mlimani, wawili tu. Yeye alimwonyesha miti. Alimfundisha kuitambua kwa gome, kwa jani, kwa harufu ya kijiti kilichovunjwa. Marta alikuwa mwanafunzi mwenye kelele. Aliuliza, akabisha, akaimba katikati ya maelezo. Siku moja walifika mahali mfereji unapoanzia, maji yakichuruzika kwenye mizizi ya mikuyu, wakala ndizi za kuchoma pale na kuchovya miguu mpaka ikafa ganzi. Naftali hakuwahi kuwa na siku bora kuliko ile, na wakati ule hakujua.

Kisha watoto, nyumba ya Poli, yeye kwenda kazini Jumatatu na kurudi Ijumaa. Marta akabaki na kihamba, na kikundi cha akina mama, ambacho aliongoza miaka kumi na tisa. Walikuwa wakiotesha miche ya kuuza na ya kuhifadhi vyanzo vya maji, na yote waliyoyajua kuhusu miche yalitoka kwa Naftali kupitia kwa Marta. Kila mtu alijua hivyo. Yeye mwenyewe alijua hivyo kuliko wote.

Mwaka elfu mbili na kumi na sita Shirika la Chemchemi lilipopata mwaliko wa Komoro, Naftali alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Habari zilienea usharikani: nchi ndogo, watu wake wote hawafiki milioni, na katika kisiwa cha Nzwani mito imekauka mmoja baada ya mwingine kwa sababu milima imebaki uchi. Wanatafuta mtu wa kukaa nao miezi mitatu na kuwafundisha vitalu. Naftali alinunua sanduku. Hakumwambia mtu, lakini alilinunua, la bluu, lenye magurudumu, akaliweka juu ya kabati.

Ikaja barua. Watu wa Nzwani walikuwa wameomba mwanamke, maana vitalu vingekuwa mikononi mwa wanawake, na waume wa huko wasingependa mgeni mwanamume akizunguka nao mabondeni. Shirika na vikundi vyote vya hapa vilikaa, vikamchagua Marta.

Naftali alisema, "Vema." Akalishusha sanduku akampa. Hakusema neno jingine la maana mpaka siku ya safari. Godbless, mtoto wao wa kwanza anayeishi Engutoto, ndiye aliyempeleka mama yake uwanja wa ndege. Baba alisema ana kazi Olmotonyi, na kweli alikwenda, akashinda akihesabu viriba, vile vimfuko vya kuoteshea miche, ambavyo vilikwisha hesabiwa.

Kwa hiyo simu ilipolia mwezi Machi, mvua za kwanza zikipiga bati la kitalu, alikuwa na wiki saba za kinyongo kifuani. Sauti ya Marta ilikuja kwa mikwaruzo.

"Baba Godbless, miche imekufa. Viriba mia nne, vyote. Iliota vizuri kabisa, halafu ikalala chini kama imekatwa. Wamama wananiangalia tu. Nifanye nini?"

Maswali yalimjia hapohapo, udongo ukoje, kivuli kiasi gani, mbegu ni ya mti upi. Miaka thelathini na minne ya kazi ilisimama mdomoni. Lakini kilichotoka ni kingine.

"Mtaalamu ni wewe, si ndivyo walivyoamua? Waulize hao waliokutuma."

Akakata simu. Naftali alipompigia, siku mbili baadaye, kwa kuwa moyo ulimsuta, haikupatikana. Mwishoni mwa Aprili Marta alirudi, amekonda kidogo, ameungua na jua, na mgongoni mwa kiganja amechorwa hina. Kazi ilikwenda vizuri, watu walisema. Naftali hakuuliza ilikwendaje. Marta alianza kusimulia mara mbili tatu wakati wa chakula, naye akainuka kuongeza sauti ya redio, kwani ilikuwa saa ya taarifa ya habari. Siku moja alimpikia ndizi kwa nazi. Naftali alionja, akasukuma sahani, akasema tumbo lake halijazoea vyakula vya huko. Marta aliiondoa sahani, na hakupika tena ndizi zile. Simu ile hakuitaja hata mara moja, si wakati ule, si katika miaka mitano aliyobakiwa nayo. Mwaka elfu mbili na ishirini na moja moyo wake ulisimama, baada ya siku tatu za hospitali, na Nzwani yote ikazikwa naye. Ndivyo Naftali alivyodhani.

Jumamosi alivaa suti yake ya ibada. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kule mbele waliketi wazee wa kamati ya mfereji, mikono juu ya bakora zao. Pembeni walikuwepo akina mama wa usharika, vitambaa vyao vya kichwa vya rangi moja. Wafugaji wa Kisongo walikuwa wamekuja kwa gari moja, na mbele yao Nkasiogi, mwenyekiti wao, mama mrefu mwenye shanga shingoni na saa kubwa ya kiume mkononi. Watu wake walijiunga na kazi hii kwa sababu nao walikuwa wamekwisha kuyaona malambo yakikauka, na Nkasiogi ndiye aliyewafundisha Wakomoro kuzungushia chemchemi uzio wa miti ya miiba ili mbuzi wasiingie. Yeye na Marta walikuwa marafiki wa miaka mingi. Naftali alimwamkia, naye Nkasiogi akamshika mkono kidogo zaidi ya kawaida.

Bi Sittina alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, amejitanda nguo ya kwao yenye miraba myekundu na myeupe. Alikuwa amesomea Unguja, na Kiswahili chake kiliteleza hata akina mama wakawa wanatabasamu kwa kukisikia tu. Alianza kwa kuwashukuru wote mmojammoja. Akasema mto wao haujarudi, asije akawadanganya. Lakini chemchemi mbili zilizokuwa zimekufa sasa zinatoka mwaka mzima, na watoto wa vijiji viwili hawaendi tena shule na madumu.

Kisha akamtafuta Naftali kwa macho.

"Nataka kuwahadithia siku moja," alisema. "Miche yetu ilikuwa imekufa. Mia nne. Tumeizunguka kama wafiwa. Baadhi yetu walikwisha kusema, hawa wa bara ni kama wale waliotangulia, watapiga picha na kwenda zao. Marta akachukua simu, akenda nyuma ya skuli. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Akatwambia: nimesema na mume wangu. Yeye ni mtu wa miti tangu ujana wake. Amesema tumeanza vibaya. Mgeni hafiki na mti wake, huwauliza wenyeji. Amesema ninyi mnioneshe, pale ambapo maji hayajakauka, ni miti gani imesimama?"

Bi Sittina aliwageukia akina mama wa usharika.

"Hakuna aliyewahi kutuuliza hilo. Walikuja wengi na vitabu vyao. Basi bibi zetu wakainuka, tena wale vikongwe, wakatuongoza mlimani, na kila walipotuonesha mti, Marta alikata kijiti, akakinusa. Tukaotesha ya kwetu, na haikufa. Tangu siku ile, mtu akipanda mti kwetu husema, kwa shauri la Naftali. Hata watoto husema, wala hawamjui Naftali ni nani."

Akafungua mfuko, akatoa kofia nyeupe iliyodariziwa kwa uzi wa dhahabu, kazi ya mikono ya wanawake wa umoja wake. Alimwendea Naftali, akamvika mwenyewe. Ukumbi ukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa mfereji akamwambia jirani yake kwamba mzee wa kanisa amekuwa shehe leo, na watu wakacheka kwa furaha.

Naftali aliketi chini ya kofia ile. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kila mtu alikuwa na furaha, na aliyeijua kweli alikuwa amelala chini ya mgomba wa kihambani kwake. Lakini alimwona Marta nyuma ya skuli asiyoijua, ameshika simu iliyokatwa, akinawa uso. Akasimama, akaivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Sikusema hayo," alisema.

Watu walidhani ni unyenyekevu, wakaanza kupiga makofi tena. Akainua mkono.

"Nisikilizeni. Mke wangu alinipigia, ni kweli. Aliniomba msaada. Mimi nilikuwa na hasira kwa kuwa alichaguliwa yeye. Nilimwambia awaulize waliomtuma, nikamkatia simu. Hilo ndilo shauri la Naftali. Mengine yote ni yake. Bi Sittina, umetoka mbali kumshukuru mtu ambaye hakuwepo."

Akaketi. Lilian alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Bi Sittina alisimama palepale katikati ya ukumbi, mfuko mtupu ukining'inia, na ilionekana wazi kwamba hakujua aweke wapi uso wake.

Ndipo Nkasiogi akainuka. Hakwenda mbele. Alisema akiwa mahali pake, kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu mmoja.

"Mimi nilijua. Marta aliniambia aliporudi, tukiwa wawili. Nilimuuliza, kwa nini umempa sifa mtu aliyekukatia simu? Akaniambia, Nkasiogi, yale ndiyo aliyonifundisha tulipokuwa vijana. Nimesema yale ambayo angeyasema kama asingekuwa na hasira."

Akaketi, akairekebisha saa yake.

Naftali aliinamisha kichwa. Aliyakumbuka maneno yale. Ilikuwa siku ile ya mikuyu, miguu imekufa ganzi majini, Marta akiuliza kwa nini serikali isipande misonobari hapa pia. Naye, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye maneno mengi, alimjibu kwamba mtu wa akili akifika mahali pa maji hapandi kwanza, hutazama kwanza nini kimesimama pale, kisha huwauliza wenyeji kwa nini hawajakikata. Alisema hivyo na ndizi mdomoni. Hakuyarudia tena maishani mwake, maana kazini hawakumtaka aulize, walimtaka aoteshe misonobari. Marta aliyatunza miaka thelathini na minne.

Alilia pale pale, mbele ya usharika, bila kujificha. Hakuna aliyemzuia. Baadaye mmoja wa akina mama alianzisha wimbo, si kwa nguvu, na wengine wakaufuata, na mkutano ukaendelea kama mikutano inavyoendelea. Walizungumzia mpango wa mwaka ujao. Wasichana wanne wa Nzwani watakuja kujifunza kubebesha na kuunganisha miche ya kahawa na kutunza mifereji, miezi mitatu, na Lilian akauliza ni nani atakayewapokea. Naftali alisema nyumba yake ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Kikundi cha akina mama kikakubali, kwa sharti kwamba watapika wao, kwa kuwa upishi wa mzee ulijulikana.

Waliposimama kwenda kula machalari ya ndizi na nyama, Bi Sittina alimfuata Naftali mlangoni. Alikuwa bado na haya.

"Mzee, nimekuaibisha mbele za watu."

"Hukuniaibisha. Umenipunguzia mzigo." Akaitazama kofia mkononi. "Hii uirudishe kwa walioishona?"

Bi Sittina alifikiri. "Hapana," alisema. "Marta aliwaambia ni yako. Mimi nani nimbishie Marta?"

Walichukua sahani zao, wakaketi kwenye benchi la nje, ubavuni mwa ukumbi, mahali ambapo jua lilikuwa limepenya hatimaye. Chini yao mji wa Arusha ulionekana vipandevipande kati ya miti. Naftali hakula. Aliigeuzageuza ndizi sahanini, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu asichostahili:

"Alikuwa analala wapi?"

"Kwangu. Chumba kimoja na mama yangu. Mama alikuwa hasikii vizuri, na Marta alikuwa akisema kwa sauti, basi wakapatana."

"Walikicheka Kiswahili chake?"

"Sana. Naye alitucheka chetu."

Aliuliza alikula nini. Aliuliza kama aliumwa. Aliuliza hina ile alichorwa na nani, na kwa ajili gani, akaambiwa ilikuwa harusi ya binti wa Sittina, na Marta alicheza mpaka kiatu kikakatika. Hilo lilimfanya acheke, mdomo wazi, jambo ambalo Lilian, aliyekuwa akija kuwaita, hakuwa ameliona tangu msiba. Gari la kumrudisha mgeni Kimandolu lilikuwa tayari. Bi Sittina akamwashiria asubiri kidogo.

"Alikuwa anatukumbuka?" Naftali aliuliza.

Bi Sittina aliweka sahani yake chini. Alikuwa amemwona mzee huyu akiukataa uongo mzuri mbele ya watu mia, na hakutaka kumpa mwingine.

"Mwezi wa kwanza alihesabu siku," alisema. "Alikuwa ana kalenda ukutani, anakata msalaba kila jioni. Mwezi wa tatu aliacha kukata. Siku ya kuondoka alilia, wala si kwa furaha ya kurudi."

Naftali alitikisa kichwa polepole. Iliuma, na alitaka kuisikia. Lilian alikuja kuwaita mara ya pili. Mara ya tatu hakuwaita, akasogeza kiti cha plastiki, akaketi nao, na mzee akauliza mama mwenye masikio mazito alikuwa akiitwa nani.